Tairi Mbili Kwenye Vumbi Jeupe

Alama zilikuwa mbili, zimekwenda sambamba kama watu wanaotembea wameshikana mikono.

Diletta alichuchumaa katikati ya barabara, koti la shambani la baba yake limemfunika mpaka magotini juu ya gauni la kulalia, akazitazama. Jua lilikuwa bado nyuma ya vilima. Vumbi la barabara za kwao ni jeupe na laini kama unga wa ngano, na mwisho wa Agosti, mvua ikiwa imegoma kunyesha, huhifadhi kila kinachopita: sungura, mbwa, trekta. Na baiskeli.

Alama ya kushoto aliijua. Tairi la nyuma la Neri lilikuwa na kovu, mahali lilipochanwa na jiwe, na kila lilipozunguka liliacha pengo dogo. Angeweza kuitambua hata kwa kupapasa gizani. Ya kulia ilikuwa ngeni. Ilikuwa pana, pembe zake kali, tairi la mtu aliyelinunua juzi na asiyeona uchungu kutoa pesa.

"Signe," alisema, na jina lile likamkwaruza kooni.

Signe alikuwa mwanamke wa Denmark aliyepanga nyumba ya mawe pale Nespoli, kijiji cha jirani, mrefu, mwenye nywele za rangi ya majani makavu na kicheko kisichoona haya. Alikuja wakati wa masika kuandika habari za njia za baiskeli, zile za changarawe zinazopanda na kushuka katikati ya mashamba ya mizabibu, ili wageni wa kwao wazijue. Na nani angemwonyesha njia kama si Neri? Hiyo ndiyo kazi yake. Anatengeneza baiskeli katika banda lake chini ya kijiji cha Poggiolungo, na wageni wakija, anawaongoza vilimani.

Diletta hakuwa mjinga. Alijua kwamba mchumba wake anakula kwa kuendesha baiskeli na watu, wanawake wakiwemo. Hilo alikwisha kulimeza. Kilichomkaa rohoni ni mahali alama zilipopita. Zilitoka ndani, kwenye shamba lao, chini ya mnyororo.

Kwa watu wa Poggiolungo, zabibu zikishaanza kuwa nyeusi, njia ya katikati ya shamba hufungwa kwa mnyororo na kufuli. Hapiti mtu. Hata padri huzunguka. Anayepitishwa kati ya mistari ya mizabibu siku hizo ni mtu wa nyumba, wa damu au wa ndoa, basi. Diletta alipompa Neri ufunguo wa akiba, mwezi uliopita, bila baba yake kujua, hakuhitaji kusema neno. Neri aliushika ule ufunguo kwa mikono miwili, masikio yake yakawa mekundu.

Na sasa amempitisha mwanamke mwingine.

Hii haikuwa mara ya kwanza. Alhamisi iliyopita pia aliziona alama hizi, akampigia simu.

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naendesha," Neri alisema.

"Na nani?"

Kimya. Kimya kile ndicho kilichomuua. Mtu asiye na la kuficha hahitaji muda wa kutafuta jibu.

"Peke yangu," alisema Neri.

"Peke yako?"

"Diletta, nina mteja hapa. Nitakupigia."

Hakupiga mpaka jioni, na alipopiga, Diletta hakupokea. Jana usiku, mama yake alipoanza tena ule wimbo wake wa Lapo, kijana wa jirani, Lapo mwenye ghala jipya la mvinyo, Lapo asiye na makuu, Diletta aliweka kijiko chini akasema, "Waje."

"Nani waje?" mama yake aliuliza, hakuamini.

"Lapo na wazazi wake. Waje kula kesho. Wakija kuniomba, nitakubali."

Mama Zaira alifanya ishara ya msalaba. Baba yake, Ottavio, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akinguruma kwamba mwanamume wa kaptula ya kubana hatakaa mezani kwake, aliangusha uma. Alimtazama binti yake kama mtu aliyekanyagwa mguu, akainuka akaenda kulala bila kumaliza nyama yake ya sungura. Diletta alidhani ni tumbo.

Kisha akamwandikia Neri: "Kesho Lapo anakuja na wazazi wake. Nimekubali. Usinipigie."

Naye hakupiga. Lile nalo lilimuuma.

"Unatafuta nini hapo chini?"

Diletta aliruka. Mama yake alikuwa amesimama getini, ameshavaa viatu vya kutokea, mkoba kwapani, nywele bado kwenye vibanio.

"Hereni," alisema Diletta.

"Huna tundu la hereni lililobaki wazi tangu darasa la tano. Simama." Mama Zaira alitazama barabarani, akakaza macho. "Baba yako hayupo."

"Ameenda kuonja zabibu. Si huenda kila siku?"

"Zabibu gani zinazoonjwa mpaka jua linawaka? Anarudi ameshaoga. Anaoga wapi, mtoni?" Sauti yake ilitetemeka kidogo, akaikaza. "Leta ufunguo wa gari."

"Tunakwenda wapi? Wageni wanakuja, nyama haijaingia kwenye oveni..."

"Nyama itasubiri. Leta ufunguo, mwanangu, kabla sijakwenda kwa miguu."

Kigari chao cheupe kilikuwa na umri wa kutosha kupiga kura. Diletta aliendesha, taratibu, dirisha wazi, kichwa nje, akizifuata alama. Hakumwambia mama yake anafuata nini, na mama yake, jambo la ajabu, hakuuliza. Kila njia panda alisema tu, "Kushoto," au "Teremka," na kila mara ilikuwa ndiko alama zilikokwenda. Zilishuka kwenye bonde, zikavuka daraja la mbao, zikapanda kwenye mizeituni. Pale kwenye kona ya kisima zilisimama. Nyasi zilikuwa zimelala, ilionekana baiskeli mbili zililazwa hapo mapema, karibukaribu.

Diletta alizima gari. Alitazama zile nyasi zilizolala mpaka macho yakamwasha.

"Walipumzika," alisema, na hakujua kama amesema kwa sauti.

"Nani?" mama aliuliza.

"Hakuna."

"Diletta."

"Neri, mama! Neri na yule mwanamke wa Nespoli. Anampitisha kwenye shamba letu. Kwa ufunguo niliompa mimi. Haya, sema. Sema kwamba uliniambia."

Alisubiri kelele. Ufunguo wa shamba kwa mwendesha baiskeli! Lakini mama yake alikuwa ameuweka mkoba magotini, anaupapasa kama paka.

"Wa Nespoli," alisema taratibu. "Yule mrefu."

"Huyo huyo."

"Wiki iliyopita baba yako alisema mezani kwamba ana adabu. 'Yule mgeni wa Nespoli hupunga mkono,' alisema. Baba yako! Ambaye hajawahi kumsifu hata mama yake mzazi." Mama Zaira alimeza mate. "Ananukia mafuta ya kafuri, Diletta. Kila asubuhi. Amepungua tumbo. Nyembe zangu zimekuwa butu, na ndevu zake ziko palepale. Na Jumanne aliimba. Bafuni. Nikamwuliza, unaimba nini, akasema, kwani mtu haruhusiwi?"

"Mama, baba ana miaka sitini na mbili."

"Hao ndio wabaya."

Walitazamana. Katika uso wa mama yake Diletta aliona uso wake mwenyewe, umri tu ndio uliotofautiana: macho mekundu, kidevu kimesimama, na kile kitu kibaya kinachotambaa chini ya ngozi na kukunyima usingizi. Kwa wiki nzima walikuwa wamelala katika vyumba viwili vilivyopakana, kila mmoja akigeuka upande huu na ule, na hakuna aliyegonga ukuta.

"Washa gari," alisema mama Zaira.

Kule Nespoli, Signe alitoka nje mwenyewe aliposikia breki. Alikuwa na shati kubwa la kulalia, miguu mitupu, kikombe cha kahawa mkononi, na alikuwa mzuri hivyo hivyo bila kuoga. Diletta alimchukia kwa hilo zaidi ya yote.

"Habari za asubuhi!" alisema Signe, kwa lafudhi yake ya kukata maneno. "Kuna tatizo?"

"Yuko wapi?" waliuliza mama na binti, sauti moja.

Signe alitazama huyu, akatazama yule. "Nani?"

"Usijifanye mgeni, bibie," alisema mama Zaira. "Wewe ni mgeni wa nchi, si mgeni wa dunia. Yuko wapi?"

"Neri," alisema Diletta. Alitia mikono mifukoni mwa koti. "Ulikuwa naye asubuhi hii."

"Mimi? Mimi nimeamka sasa hivi. Goti langu limevimba, siendeshi tangu wiki iliyopita." Aliinua ncha ya shati kidogo, na kweli, goti lilikuwa limefungwa bandeji, limevimba kama tikiti. Baiskeli yake iliegemea ukutani, na buibui alikuwa ameanza kujenga kati ya nyaya za gurudumu. "Neri amepita hapa na yule mzee."

"Mzee gani?"

"Yule wa kila asubuhi. Mwenye masharubu. Yule anayekitukana kilima." Signe alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka. "Anakitukana tangu chini mpaka juu, sauti yake inaniamsha. Anakiita mwana wa nguruwe. Nikimpungia mkono, ananyamaza, anasema 'Habari, signora,' kisha anaendelea kutukana."

Mama Zaira alishika bega la Diletta.

"Mwana wa nguruwe," alirudia. "Wa nguruwe mwenye upele?"

"Ndiyo! Mwenye upele!"

"Mungu wangu," alisema mama Zaira. "Ni Ottavio."

Diletta alitaka kucheka, akataka kuketi chini. Lakini alipogeuka kwenda garini, aliona Signe bado anamtazama, na ile furaha ya kihuni imetoka usoni mwake.

"Wewe ndiye Diletta," alisema Signe.

"Ndimi."

"Alinieleza habari zako." Signe aliinamisha macho kwenye kikombe chake. "Mwezi wa Mei. Alinieleza vizuri kabisa."

Mtu hasemi maneno kama hayo kwa namna ile, macho kikombeni, ila kwa sababu fulani. Diletta alilisikia neno hilo likiingia kama mwiba mdogo, ule usioonekana mpaka uguse.

Kilima cha Malpasso hakipandiki kwa utani. Changarawe zake zimelegea, gurudumu likiteleza umekwisha, na kwenye kona ya mwisho hata trekta hulalamika. Waliwakuta hapo hapo, kwenye kona ya mwisho.

Ottavio alikuwa juu ya baiskeli, uso wa rangi ya zambarau, jasho linamchirizika kwenye masharubu. Alivaa kaptula nyeusi ya kubana. Miguu yake, ambayo binti yake aliijua ikiwa na manyoya kama ya mbuzi, iling'aa kama ya mtoto mchanga. Kando yake alikuwa Neri, anaendesha kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa mgongoni kwa mzee, kiganja wazi, unamsukuma.

"Mwana wa nguruwe!" Ottavio alikuwa anahema. "Mwana... wa... nguruwe..."

"Mwenye upele," alimsaidia Neri. "Usiangalie juu, mzee. Angalia tairi la mbele. Kanyaga."

Diletta aliutazama ule mkono. Ndio uliompandisha yeye kilima hiki mwaka jana, na tangu siku hiyo mgongo wake ulikuwa umeukumbuka mahali ulipowekwa, kila kidole. Hata sasa, hata alipojua, alihisi kijiwivu kipumbavu kikimchoma. Kwa baba yake mzazi!

Mama Zaira alitoka garini kabla halijasimama.

"Ottavio!"

Mzee aliinua kichwa. Gurudumu likateleza. Neri alimdaka kiunoni, baiskeli zote mbili zikaenda chini kwa kelele, na wanaume wawili wakabaki wamesimama wamekumbatiana katikati ya wingu la vumbi jeupe.

"Zaira," alisema Ottavio. "Naweza kueleza."

"Mimi nimelia," alisema mama Zaira. "Nimelia kwenye mto wiki nzima, kwa ajili ya tumbo hilo! Nimefikiri una mwanamke, kumbe una... una hiyo!" Alinyoosha kidole kwenye kaptula. "Na wembe wangu!"

"Wanasema upepo unapita vizuri."

"Upepo! Wewe, upepo!"

Alimpiga na mkoba begani, mara ya pili akampiga polepole, na mara ya tatu akaangua kicheko, kicheko cha kulia, akishikilia masharubu ya mumewe. Ottavio alisimama kama ng'ombe anayeoshwa.

"Nilisema kule baa, mbele ya watu wote, kwamba hawa wapanda baiskeli ni vikaragosi," alisema kwa huzuni. "Wangeniona ningeficha wapi uso? Nilimwambia kijana: ukimwambia mtu yeyote, hata Diletta, hasa Diletta, hakuna mke. Nilitaka nimjue. Mezani kila mtu ni mtakatifu, Zaira. Hapa kilimani, mwenzako akichoka, ndipo unajua kama atakusubiri. Huyu ananisubiri. Wiki nzima nimempitisha kwenye mizabibu, zabibu zikiwa nyeusi. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu nimemfungulia mnyororo. Ulitaka nifanye nini zaidi, nipige kengele ya kanisa?"

Diletta alisikia maneno hayo, na yalikuwa maneno aliyoyasubiri miaka miwili. Lakini hakuweza kumtazama baba yake. Alimtazama Neri, na Neri alikuwa ameinama, anaipangusa baiskeli yake kwa kiganja, kwa utulivu wa mtu anayejiandaa kuondoka.

"Neri."

"Habari ya asubuhi," alisema bila kuinua kichwa. "Wageni wako hawajafika?"

"Usinifanyie hivyo."

"Nikufanyieje? Umenikataza kupiga simu, sijapiga. Nilikuwa nimemwahidi baba yako kilima, nimempa kilima. Sasa narudi bandani."

"Uliniambia uko peke yako! Ulinidanganya!"

"Nilidanganya, ndiyo." Sasa aliinua kichwa, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha. "Mzee ninayetaka kumwoa binti yake kaniambia ninyamaze. Nimenyamaza. Vibaya, sijui kudanganya, nimejikwaa. Lakini wewe, Diletta, ulifanya nini? Ulisoma vumbi. Ulichuchumaa barabarani ukasoma vumbi kama gazeti, na gazeti likakwambia mimi ni mbwa, ukaamini. Hukuniuliza tena. Ukaenda ukamkubali Lapo. Jana usiku nililala na hilo jina. Unajua ladha yake? Kama kulamba betri."

Baba yake alikohoa. "Zaira, hebu nisaidie hii baiskeli garini."

"Haiingii garini."

"Basi tuisukume."

Wakaondoka, mmoja kila upande wa baiskeli, wakigombana kwa sauti ya chini. Walipofika kwenye kona ya chini Diletta alitoa simu. Vidole vyake vilikuwa na vumbi, ikabidi afute kioo kwa gauni.

"Lapo? Ni mimi."

"Mama ameshavaa," alisema Lapo upande wa pili. Alikuwa na sauti nzuri, Lapo, sauti ya mtu mwema. "Mkufu na kila kitu."

"Lapo, nisamehe. Msije. Nilisema neno lisilokuwa moyoni mwangu."

"Nilijua," alisema Lapo. "Mama yako alipopiga kutuita nilimwuliza, Diletta kasema vipi? Akasema, kasema 'waje'. Nikajua. Hivyo ndivyo watu wanavyosema juu ya mafundi wa bomba." Akashusha pumzi. "Nitamwambia mama. Usipite mbele ya nyumba yetu mpaka baada ya mavuno, tafadhali."

Alikata. Diletta aliirudisha simu mfukoni, na alihisi aibu, aibu safi, isiyo na mtu wa kumsukumia.

Neri alikuwa ameshaipanda baiskeli, mguu mmoja chini. Hakuondoka.

"Nilikuwa nimekosa usingizi," alisema Diletta. "Najua si sababu. Nilikuwa na kitu hapa, kinakula. Sikutaka kuuliza tena kwa sababu niliogopa utanijibu."

"Basi niulize. Nipo hapa. Mimi, si vumbi. Uliza unachotaka kuuliza."

Angeweza kuuliza lolote. Angeweza kuuliza kama bado anamtaka, na angejibiwa, na ingekuwa vizuri, na wangeshuka kilima pamoja wakala nyama. Lakini mwiba ulikuwa palepale.

"Signe," alisema. "Mwezi wa Mei."

Neri hakuuliza amejuaje. Alishuka kwenye baiskeli, akailaza kando ya barabara, akakaa kwenye ukingo wa mtaro, miguu kwenye majani.

"Mvua ilitukuta kule juu kwenye kanisa bovu," alisema. "Tukaingia ndani. Tulikuwa tunacheka, tumelowa. Akanibusu."

Chini bondeni trekta la mtu lilikuwa linaguna, na Diletta alilisikiliza kwa makini sana, kama kwamba ana haja nalo.

"Na wewe?"

"Nikamsogeza. Nikamweleza habari zako, toka mwanzo mpaka mwisho, mpaka mvua ikakatika. Hakurudia tena."

"Ulimsogeza mara moja?"

Neri alifumba macho. "Hapana."

"Ulichelewa."

"Nilichelewa."

"Kiasi gani?"

"Diletta..."

"Umesema niulize. Kiasi gani?"

"Kiasi cha kujua kwamba si wewe."

"Hayo ni maneno ya redioni. Nijibu kama mtu."

Alimtazama, akakubali. "Kama pumzi moja," alisema. "Kama mtu anavyovuta pumzi moja."

Diletta alisimama katikati ya barabara, koti la baba yake limemning'inia, akavuta pumzi moja, taratibu, ili ajue ni muda gani. Ulikuwa mrefu. Ulitosha mkono kupanda begani. Ulitosha mtu kuona kope za mwenzake zilizolowa mvua. Aliiona yote, kila tone, ikamkata kila mahali ilipopita. Kisha kifua kikajaa, hakuna nafasi tena, ikabidi aitoe. Na alipoitoa alikuwa bado amesimama.

Akaenda akakaa kwenye ukingo wa mtaro. Si karibu sana.

"Kuna mengine?"

"Hakuna mengine."

"Apa."

"Naapa kwa mama yangu."

Jua lilikuwa limefika kwenye mizabibu ya upande wa pili, majani yote yamewaka. Neri alichukua jiwe dogo, akalitupa chini, akachukua lingine, hakulitupa.

"Na mimi naweza kuuliza?" alisema.

"Uliza."

"Lapo. Amewahi kukubusu?"

Diletta alifikiri kudanganya. Lingekuwa jambo jepesi, na la huruma.

"Mara moja," alisema. "Sikukuu ya zabibu. Nilikuwa na miaka kumi na sita."

Jiwe lilitulia mkononi mwa Neri. "Ulichelewa?"

"Sikuchelewa. Mimi ndiye niliyeanza."

Masikio ya Neri yaliwaka. Taya lake likajikaza, akatazama ghala jipya la Lapo lililokuwa linang'aa mbali ng'ambo ya bonde, akalitazama kama mtu anayetafuta kiberiti. "Ulianza," alisema. "Uliinuka tu, ukaanza. Mbele ya watu?"

"Kulikuwa na bendi."

"Na bendi!"

Diletta alikiona kile kitu kikimtambaa chini ya ngozi, kile kile, mgeni wake wa wiki nzima, kimehamia kwa mwenzake na mizigo yake yote. Alijua angepaswa kumwonea huruma. Baadaye angemwonea. Kwa sasa aliegemeza mikono nyuma kwenye majani ya joto, akanyoosha miguu juani, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi moyo wake ukatulia.

"Endelea kuuliza," alimwambia. "Sina haraka."